Barua ya wazi kwa wanaosimamia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA SHIMO LA CHOKAA NA WAASHI WA KUDUMU KISIWANI

Salamu kwenu. Ombi letu si kubwa. Tunaomba pachimbwe shimo la kuhifadhia chokaa iliyozimwa kwa maji Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania, lijazwe na lisiachwe likakauka. Tunaomba pia waajiriwe waashi wachache wa kukaa na Msikiti Mkuu mwaka mzima, masika na kiangazi. Hatuombi jumba la makumbusho, wala bango jipya, wala warsha nyingine ya siku tatu. Haya yafuatayo ni sababu za ombi hilo, na jinsi kazi yenyewe inavyotakiwa kwenda.

Msikiti huu haukujengwa mara moja, na anayeugusa hana budi kujua kwanza amegusa sehemu ipi. Upande wa kaskazini ndio mkongwe. Ni ukumbi mdogo wa karne ya 11 au ya 12, wenye nguzo tisa zilizoligawa paa katika nafasi 16, na paa lenyewe lilikuwa la bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo aliyejenga jumba la kifalme la Husuni Kubwa na aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, aliupanua kuelekea kusini hadi ule wa awali ukaonekana kama kibanda cha mlangoni, na akaongeza chumba chenye kuba kubwa. Nguzo za upanuzi huo zilichongwa kila moja kwa jiwe zima la tumbawe. Paa likaanguka. Katika karne ya 15 watu wa Kilwa wakalijenga upya, safari hii juu ya nguzo za pembe nane zilizopangwa kwa mawe madogo na chokaa, zikabeba kuba na matao marefu katika nafasi 30. Hizo ndizo nguzo anazopita katikati yake mgeni wa leo.

Tunalitaja anguko lile kwa makusudi. Jengo hili limekwisha kuanguka mara moja na kuinuliwa, na walioliinua hawakurudia kosa: waliacha jiwe zima wakaitegemea chokaa. Nguzo ya mawe madogo ni chokaa kwa sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiibandua plasta yake unakuta vipande vya ukubwa wa ngumi vilivyoelea ndani ya chokaa, na chokaa ikiondoka, mawe hayana kinachoyashika.

Kisha akaja jemadari Francisco de Almeida na Wareno wake mwaka 1505, biashara ya dhahabu ya Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ikaponyoka mikononi mwa Kilwa, na mji ukapungukiwa na watu wa kuulipia msikiti wake. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick, miaka ya 1950 na 1960, ndio ulioufanya ueleweke tena. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka 2004 yakahamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Wengi waliichukua 2014 kama cheti cha kupona. Jengo la chokaa lisilo na paa kamili halina siku ya kupona. Lina mwaka uliotunzwa na mwaka ambao haukutunzwa.

Tazameni msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Maandishi yake ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mpaka leo unaswaliwa. Umejengwa upya sehemu nyingi, ndiyo, lakini haukuachwa wazi kwa mvua vizazi na vizazi, kwa sababu paa likivuja juu ya vichwa vya watu wanaoswali, Ijumaa ile ile mtu ataulizwa. Kilwa hakuna wa kuuliza. Kazi iliyokuwa ya waumini sasa ni yenu, na haiwezi kufanywa na mradi unaokuja na magari, ukapaka, ukapiga picha, ukaondoka.

Adui wa kwanza ni maji ya mvua, na yanaingilia juu. Kati ya kuba na kuba pana bonde. Majani na vumbi hukusanyika humo, hugeuka udongo, udongo hushika maji siku kadhaa baada ya mvua kukatika, na ndege huleta mbegu. Maji yaliyosimama hupita kwenye ufa mwembamba kama uzi, huyeyusha chokaa kidogo kidogo na kuishusha ndani ya tao. Kwa chini mtu huona doa jeusi na ndevu nyeupe za chokaa zikining'inia, akadhani ni uchafu wa kusugua. Ukiona ndevu zile, panda juu. Usianze na brashi chini.

Kwa hiyo kazi muhimu kuliko zote ni ya ufagio. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na mara tu masika yanapokwisha, mabonde yote yasafishwe kwa mkono kwa ufagio laini na ndoo, na njia za maji zifunguliwe hadi nje ya ukuta. Wasipande zaidi ya watu wawili kwenye kuba moja, wakanyage mbao zilizotandikiwa magunia, na wavue viatu vya soli ngumu. Kazi hii haigharimu karibu chochote, na ndiyo inayoachwa kwanza kwa kuwa haina cha kuzindua.

Kinachofuata ni kuziba, na hapa tunafika kwenye saruji. Tunajua kwa nini fundi huikimbilia: inapatikana kila duka la vifaa, inashika kesho yake, na inaonekana imara. Ubaya wake uko katika uimara huo huo. Ukuta wa Kilwa ni laini na una vinyweleo. Unyevu unaoingia kutoka ardhini na kutoka katika hewa ya bahari hutoka tena kupitia viungo vya chokaa. Ukiviziba viungo kwa saruji, maji hutafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni jiwe lenyewe. Yakitoka humo huacha chumvi chini ya ngozi ya jiwe, chumvi huganda na kutanuka, na jiwe humomonyoka kuwa unga. Baada ya misimu kadhaa unakuta kiungo cha saruji kimebaki kimejitokeza kama mbavu, na jiwe lililokuwa katikati limeliwa kuingia ndani. Saruji nayo huja na chumvi zake, na haikubali kucheza pamoja na ukuta unaopanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku. Penye saruji iliyokwisha kupigwa, msiamuru ibanduliwe yote kwa nyundo. Inayolegea itolewe kwa mkono. Iliyoshika kuliko jiwe iachwe mpaka ilegee, au ikatwe katikati ya kiungo kwa msumeno mwembamba, maana tindo huondoka na uso wa jiwe.

Sasa chokaa. Mawe ya kuchoma yawe ya nchi kavu, yale ya matumbawe makuukuu yanayochimbwa ardhini. Tumbawe hai la baharini lisiguswe. Wazee walilikata likiwa bichi na laini kwa ajili ya miimo ya milango na nakshi za mihrabu, likakauka likawa gumu. Leo yanayohitajika ya namna hiyo ni vipande vichache sana, na vingi vinaweza kupatikana kwa kuyarudisha mawe yaliyokwisha kuanguka. Kuni zisiwe za mikoko, kwa sababu tutakayoieleza mbele. Minazi iliyozeeka inatosha. Moto ufike nyuzi joto 900 hivi za Selsiasi na ukae hapo mpaka kiini cha jiwe kiive. Kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 za chokaa, zilizobaki zimepanda na moshi. Hapo fundi anaweza kupima: jiwe lililotoka tanurini likiwa bado zito halijaiva, na lisiingie shimoni.

Kuzima chokaa, yaani kuikutanisha na maji, kuna kanuni moja isiyovunjwa: chokaa hutiwa ndani ya maji, maji hayamwagwi juu ya chokaa. Itachemka na kuruka, kwa hiyo miwani, glavu na nguo ndefu ni lazima, na ndoo ya maji safi ya kuoshea macho iwe karibu. Ikikorogwa ikawa uji, ipitishwe kwenye chekecho la milimita 2 au 3, ndipo ishuke shimoni. Shimo liwe na kivuli, na juu ya chokaa pakae maji yasiyopungua kina cha sentimita 5 siku zote. Ikae miezi mitatu kabla ya kuguswa; ikikaa mwaka ni bora zaidi. Anayeharakisha atalipa baadaye, kwa sababu chembe zilizoiva kupita kiasi huchelewa kuzimika, na zikizimikia ndani ya plasta huvimba na kuirusha, ukuta ukajaa vitundu kama wenye tetekuwanga. Ndiyo maana tunaomba shimo la kudumu. Chokaa ya miezi mitatu haiwezi kununuliwa siku ambayo ufa umeonekana.

Mchanga usiwe wa ufukweni. Utoke nchi kavu, wa chembe kali, kubwa kwa ndogo, na uoshwe. Jaribio ni rahisi: tia mchanga kwenye chupa ya kioo mpaka nusu, jaza maji, tikisa, iache saa chache. Tabaka la tope juu likiwa nene, osha tena. Maji nayo yawe ya mvua au ya kisima kitamu. Kisima chenye maji ya chumvi ndicho kinachopanda chumvi ukutani kwa mkono wa fundi mwenyewe. Tangi la kuvunia maji ya mvua, mbali na msikiti, ni sehemu ya ombi letu hili hili.

Kipimo cha kawaida cha udongo wa kuunganishia, yaani mchanganyiko wa chokaa na mchanga, ni ndoo moja ya chokaa ya shimoni kwa ndoo tatu za mchanga. Atakayeweka hesabu ya vifaa ajue kwamba ndoo tatu na moja hazitoi nne. Zinatoa tatu, kwa kuwa chokaa hujaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Mita moja ya ujazo ya udongo basi inahitaji karibu mita nzima ya mchanga na theluthi ya chokaa. Mabonde ya juu ya kuba, yanayokaa na maji, huongezewa unga wa matofali ya kuchoma ili udongo ushike hata penye unyevu. Usikorogwe kwa maji mengi. Utwangwe na kupondwa mpaka ulainike wenyewe. Uvivu wa kuponda ndio huzaa maji ya ziada, na maji ya ziada ndiyo huzaa nyufa za kukaukia.

Kabla ya kupaka, ukuta uloweshwe tangu jana yake, na asubuhi tena. Tabaka moja lisizidi milimita 10, na linalofuata lisubiri wiki moja au mbili. Chokaa haishiki kwa kukauka, hushika kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu kidogo, na hewa huingia polepole. Kazi nzuri hufanyika kuanzia Juni, mvua ikiwa imepita, lakini ndiyo miezi ya kusi, upepo ambao hunyonya maji kwenye plasta ndani ya saa chache na kuiacha unga. Hivyo magunia yaliyolowa yatundikwe mbele ya ukuta, si juu yake, yanyunyiziwe asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Katikati ya Oktoba mwiko uwekwe chini. Plasta iliyopigwa wiki ya mwisho kabla ya vuli huoshwa ikashuka na mvua, na fedha yake nayo. Ratiba hii haikubaliani na mwaka wa fedha wa serikali unaoanza Julai, tunalijua hilo. Fedha zikiidhinishwa Agosti na kufika Novemba, ni afadhali zinunue mawe na kuzima chokaa ya mwaka ujao kuliko kupaka.

Miti inataka subira. Mche wa jamii ya mkuyu ukiota juu ya ukuta, mtu huona jambo jema ni kuung'oa, akaondoka nao pamoja na mawe matano. Mche mdogo ambao mizizi yake haijaingia hung'olewa kwa vidole wakati ukuta umelowa. Uliokwisha kuingia ukatwe usawa wa jiwe na jeraha lipakwe dawa ya kuulia visiki papo hapo, ndani ya dakika chache, kabla utomvu haujaziba. Uachwe ufe. Mzizi ukishanyauka na kucheza kwenye tundu lake ndipo hutolewa, na tundu lijazwe mawe madogo na chokaa siku hiyo hiyo. Mti mkubwa ulioshika ukuta pande zote mbili haukatwi mpaka ukuta uegemezwe, maana wakati mwingine mti ndio unaoubeba.

Kuhusu plasta ya zamani iliyobaki kwenye nguzo na kuba, ombi ni moja: isibanduliwe ili ipakwe mpya. Fundi aigonge kwa kifundo cha kidole. Ikitoa sauti nzito, imeshika. Ikilia kama ngoma, imeachana na ukuta, lakini bado inaweza kuokolewa. Kingo zake huzibwa kwa udongo wa chokaa, hutobolewa vitundu vidogo, maji kidogo hupitishwa kuondoa vumbi, kisha uji mwepesi wa chokaa iliyochekechwa husukumwa kwa bomba la sindano la mililita 60. Anza tundu la chini. Uji ukitokea tundu linalofuata, ziba la chini, panda. Uso ushikiliwe kwa ubao uliofunikwa sponji mpaka kesho. Ni kazi ya taratibu, nguzo moja inaweza kula wiki. Brashi ya waya na mashine ya kurushia maji kwa nguvu visivuke bahari kuja kisiwani kabisa.

Nyufa zisizibwe kabla ya kujulikana kama zinatembea. Ukanda mwembamba wa jipsamu upigwe kukatiza ufa, uandikwe tarehe, uangaliwe kila mwezi. Ukikatika, tatizo liko chini, kwenye msingi au kwenye nguzo, na kuziba ni kuficha. Haya yote yaingie kwenye daftari la jengo: nani alipaka wapi, mchanganyiko gani, siku gani. Picha zipigwe kutoka sehemu zile zile kila mwaka, vigingi vya alama vikiwa ardhini. Bila daftari, kila mradi unaanza upya na kusahihisha yaliyokuwa sahihi.

Bahari hatuwezi kuiacha, ingawa Gereza, ngome ya kale ya kisiwani, na kuta za jumba la kale la Makutani ndizo zilizo mdomoni mwake kuliko msikiti. Mawimbi hula udongo wa chini, ukuta ukabaki unaning'inia. Ukuta wa zege huhamishia nguvu za maji pembeni, jirani akaliwa badala yake. Mikoko huzipunguza kwa kuwa mizizi yake hushika tope. Kuichoma ili kupata chokaa ya kutengenezea magofu ni kuchukua kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Ndiyo sababu ya sharti letu la kuni.

Waashi watoke kisiwani. Si kwa hisani, bali kwa sababu anayelala dakika kumi kutoka msikitini ataisikia mvua ikinyesha usiku na asubuhi atakuwa juu na ufagio. Wanne wanatosha kuanzia, wawili wazoefu wa chokaa na wawili wa kufundishwa, kwa mkataba unaovuka mwaka wa fedha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na kwa haki hairuhusu mtu kuyageuza bila kibali. Lakini kibali cha kila ndoo ya udongo kikisubiriwa kutoka mbali, bonde linajaa maji kabla barua haijajibiwa. Kitolewe kibali kimoja cha matunzo ya mwaka, chenye orodha ya yanayoruhusiwa: kufagia, kuziba viungo kwa chokaa ya shimoni, kuua visiki, kusukuma uji. Chochote nje ya orodha hiyo, kama kunyanyua tao lililoanguka au kuchimba hata nusu mita ya ardhi, kisubiri wataalamu wenu na wachimbaji wenye leseni.

Ikiwa barua hii itawafikia kabla ya vuli, pa kuanzia ni juu ya upande wa kusini, kwenye mabonde kati ya kuba. Watu wawili, mafagio, ndoo, mbao na magunia. Siku nne hivi. Shimo lichimbwe wiki hiyo hiyo, mita mbili kwa mbili na kina cha mita moja na nusu, kuta zake zikijengwa kwa mawe, chini ya kivuli na mbali na njia ya wageni. Likijazwa sasa, chokaa yake itakuwa tayari Juni ijayo.

Wenu,

Sisi waashi wa chokaa na watunza majengo ya kale ya pwani